Paa la Kujikunja Limegoma: Sikiliza Kwanza, Spana Baadaye

Simu ninazopigiwa kuhusu magari ya paa la kujikunja huanza karibu zote kwa sentensi moja: "Fundi, paa limekufa." Nikifika nakuta halijafa. Limegoma, na lina sababu zake, ila halina mdomo wa kuzisema.

Kazi zangu za umeme wa magari nazifanyia Dar es Salaam. Magari ya aina hii hapa si mengi, lakini yaliyopo yananitosha: BMW Z4, Mercedes SLK, Mazda Roadster, Daihatsu Copen, mara mojamoja Peugeot 206 CC. Mengi yametumika Japani kabla ya kuvuka bahari, na kitabu cha maelekezo, kama bado kimo garini, kimeandikwa Kijapani. Basi mwenye gari anajifunza masharti ya paa lake kwa kukwama nalo.

Nimepanga kwa dalili, maana dalili ndiyo unayoiona. Ndani ya kila dalili nimetanguliza sababu ninazokutana nazo sana, zile za nadra ziko mwisho.

Kabla ya kugusa chochote

Egesha mahali palipo sawa, juu pasiwe na tawi wala dari ya chini. Toa mizigo yote kwenye buti. Funga milango, zima redio na feni, zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, injini iache. Bonyeza swichi ya paa na uishikilie sekunde kumi, huku mwenzako amesimama nyuma ya gari ametega sikio. Kuna watu hubonyeza na kuachia kama wanawasha taa ya sebuleni. Magari mengi hayakubali hivyo. Ukiachia kidole, paa linasimama.

Angalia mambo mawili. Kuna sauti yoyote? Na vioo vya milango vimeshuka kidogo? Katika mengi ya magari haya kompyuta hushusha vioo kwanza ndipo paa lianze kusogea. Vioo vikishuka, amri yako imefika na imekubaliwa, kwa hiyo ugonjwa uko mbele, kwenye nguvu au kwenye vyuma. Visiposhuka, amri imekwama njiani au imekataliwa. Jibu hilo moja hunipunguzia nusu ya kazi.

Dalili ya kwanza: kimya kabisa

Kinachoongoza hapa ni sharti ambalo halijatimizwa. Mama mmoja mwenye SLK alinipigia kutoka Mbezi siku mbili kabla ya harusi ya mwanawe. Alikuwa ametoka kuchukua maua.

"Mama, pazia la kwenye buti umelivuta?"

"Pazia gani tena mwanangu? Hili ni gari, si nyumba."

Nikamweleza: fungua buti, utaona kitambaa kigumu kilichojiviringisha, kivute hadi mwisho, kipachike kwenye ndoana zake pande zote mbili. Alikuwa amekirudisha ili ndoo za maua ziingie. Akakivuta, akafunga buti, na kwenye simu nikasikia pampu ikianza kuunguruma, naye akicheka. Fedha sikupata, lakini pilau ya harusi nililetewa.

Magari mengi ya paa gumu, kama SLK ile ya kwanza ya 1996, huingiza paa lenyewe ndani ya buti. Pazia ndilo linaloiambia kompyuta kwamba mizigo haitapondwa. Mwisho wake una swichi ndogo. Isipobanwa, hakuna kitu kitakachosogea hata gari liwe jipya kabisa. 206 CC nayo ina mtindo huohuo.

Masharti mengine, pitia moja moja:

- Buti limefungwa kweli, si kuegemea tu. Taa ya ndani ya buti ikibaki inawaka, kompyuta inaliona liko wazi.
- Gari limesimama. Gia iko P, au huru kwa gari la kukanyaga klachi. Mengine yanataka pia hendibreki ivutwe au mguu uwe kwenye breki.
- Kwenye Mazda Roadster ya paa gumu, ile iliyotoka 2006, kuna mkono wa kufungia juu ya kioo cha mbele. Unaufungua kwa mkono wako kwanza, ndipo mota zifanye kazi yao.

Masharti yametimia na bado kimya? Hamia kwenye betri. Betri iliyojaa, gari likiwa limelala, husoma volti 12.6 hivi; 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12 hiyo imekwisha. Kuwasha gari bado inaweza, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Pampu ya paa inakula umeme mwingi, na magari mengi hukataa kuiwasha volti zikiwa chini. Washa injini, subiri dakika mbili, jaribu tena. Likikubali injini ikinguruma na kukataa ikiwa imezimwa, umepata jibu. Angalia na vichwa vya betri: ule unga mweupe au wa kijani unatosha kuzuia umeme wa pampu hata kama redio inaimba vizuri.

Halafu fyuzi. Huwa zaidi ya moja, nyingine ndogo kwa ajili ya kompyuta ya paa, nyingine kubwa kwa ajili ya pampu, na mara nyingi haziko sanduku moja. Ikikutwa imekatika, weka ya ampea zilezile. Ikikatika tena, simama hapo. Kuna shoti, na fyuzi imekuokoa. Nimewahi kufungua sanduku nikakuta karatasi ya pakiti ya sigara imefungwa pale palipotakiwa kuwa na fyuzi. Waya wa chini ulikuwa umeshayeyuka hadi kwenye zulia.

Swichi yenyewe ya kubonyeza huja nyuma ya hizo. Iko katikati ya viti, mahali ambapo soda humwagika. Ikinata, au ikifungua paa na isiweze kulifunga, ishuku.

Kompyuta ya paa iwe ya mwisho kabisa kushukiwa. Wapo mafundi wanaoanza na hiyo. Ni ghali, na ukishaiweka mpya utakuta pazia bado halijapachikwa.

Dalili ya pili: "tik", halafu basi

Hiyo "tik" ni rilei, yaani swichi ya umeme inayopeleka nguvu kwenye pampu. Amri imefika, masharti yametimia, rilei imebana, lakini mota ya pampu haizunguki. Ama umeme hauifikii, ama umeifikia na mota imekufa.

Anza na rilei kwa sababu ni rahisi. Katika mifumo mingi mota huzunguka upande mmoja kufungua paa na upande wa pili kulifunga, kila upande na rilei yake. Kama mbili hizo zinafanana hata namba zilizoandikwa juu, zibadilishane nafasi. Paa lililokuwa linafunguka tu likageuka kuwa la kufunga tu, rilei moja ni mbovu na umetumia dakika tano.

Kisha pima kwa mita kwenye plagi ya pampu, mwenzako akibonyeza swichi. Usipopata volti, rudi nyuma kufuata waya. Ukipata 12 na mota haizunguki, pima ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, kabla hujaihukumu mota: ncha moja ya mita kwenye waya wa ethi wa pampu, nyingine kwenye hasi ya betri, swichi ikiwa imebonyezwa. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu. Kikwangue kile kibati cha ethi hadi king'ae, kaza nati, jaribu. Upepo wa chumvi wa pwani unakula ethi kuliko kitu kingine chochote kwenye gari.

Sasa kuhusu Z4 ya kwanza, ile ya 2003 hadi 2008 ya paa la kitambaa. Hii ina ugonjwa wake na unajulikana dunia nzima. Pampu imewekwa ndani ya kishimo kilicho pembeni, nyuma ya kiti, na kishimo hichohicho ndiko maji ya mvua yanapopitia yakitoka kwenye paa. Tundu la kutolea maji likiziba, maji yanapanda na pampu inaogelea.

Niliyoifungua mara ya mwisho ilikuwa inalala chini ya mwarobaini. Kivuli kizuri, lakini vijani vya mwarobaini ni vidogo na vyembamba, vinapenya chini ya kitambaa, vinashuka na kujipanga kwenye tundu kama mkeka. Masika ilipoingia, maji yalikosa pa kutokea. Nilipoingiza mkono nilitoa tope jeusi lenye harufu ya kisima kilichoachwa, na ndani yake pampu, kutu imeifunika hadi maandishi hayasomeki. Mwenye gari alikuwa amesikia "chubwi, chubwi" nyuma ya kiti kila akikata kona kwa wiki tatu, akadhani ni chupa ya maji iliyosahaulika.

Kwa hiyo ukisikia maji yakicheza ndani ya bodi, usibonyeze swichi ya paa hata mara moja. Zibua kwanza. Mimi hutumia mshipi mnene wa kuvulia samaki: unapinda, unapita kona, hautoboi bomba. Waya wa hanga ya nguo unatoboa, na upepo wa kompresa ya fundi pancha, ukiupuliza kwa nguvu zote, unang'oa bomba kutoka mahali pake, halafu maji yote yanahamia kwenye zulia. Ukishazibua mimina kikombe cha maji. Lazima uyaone yakidondoka chini ya gari. Kama kuna mti juu ya maegesho yako, fanya hivi kabla ya masika na kabla ya vuli.

Pampu iliyozama mara nyingine hupona. Fundi wa kusuka mota anaweza kuifungua, kubadilisha kaboni na beringi, na ikaendelea. Kuifikia ndiyo shughuli, maana wengi hulazimika kuondoa paa zima. Wenye Z4 wengi Uingereza na Marekani huihamishia kwenye buti wakati wa kuirudisha, nami nashauri hivyohivyo. Ukiirudisha kwenye shimo lake, mkikutana tena mvua ikinyesha usishangae.

Dalili ya tatu: pampu inanguruma, paa limetulia

Hii ni ya mapaa yanayoendeshwa kwa mafuta, yaani haidroliki. Mota iko hai lakini msukumo haufiki.

Swali langu la kwanza: kuna mtu amewahi kulifunga hili paa kwa mkono? Kwenye pampu kuna vali ndogo inayofunguliwa ili paa lisukumike kwa mikono. Akiisahau wazi, pampu inazungusha mafuta yaleyale mahali pamoja. Ifunge bila kuikaza kupita kiasi, na mara nyingi kazi imekwisha.

Pili, kiwango cha mafuta. Chupa ya pampu huwa na alama mbili, ya juu na ya chini. Kitabu cha gari kitakuambia kipimwe paa likiwa juu au likiwa limelala, na ukikosea hapo utajaza kupita kiasi. Kuhusu aina ya mafuta usikisie. Mustang za zamani hutumia oili ya giaboksi ya otomatiki, magari ya Kijerumani yana oili yao maalumu ya haidroliki, na kuna ya Kimarekani ya miaka ya 1950 yaliyotumia mafuta ya breki. Ukichanganya, oili sili, ile mipira inayozuia mafuta yasitoke, zinavimba au zinalainika, na uvujaji mdogo unageuka kuwa mkubwa.

Mafuta hayaishi yenyewe. Yakipungua yamevuja mahali. Tafuta unyevu kwenye jeki za pande mbili, zile silinda za mafuta zinazosukuma paa, kwenye maungio ya mabomba, chini ya zulia la buti. Kwenye Mercedes SL ya 1989 na ndugu zake, jeki za kufungia paa ziko juu ya kioo cha mbele. Oili sili zikichoka, mafuta yanakudondokea mapajani ukiwa unaendesha. Anayekuambia ni maji ya AC, mwambie anuse.

Kumbuka: usitafute uvujaji kwa kidole pampu ikiwa inafanya kazi. Mafuta yenye msukumo mkubwa yanapenya ngozi, na jeraha hilo ni la hospitali siku hiyohiyo. Tumia kipande cha boksi.

Dalili ya nne: linaanza vizuri, linaishia njiani

Chukulia kila hatua ya paa ina shahidi wake. Kifuniko kimefunguka, shahidi anasema ndiyo. Kufuli ya mbele imeachia, shahidi anasema ndiyo. Ndipo hatua inayofuata ianze. Mashahidi hao ni swichi ndogo au sensa. Ford Skyliner ya 1957, gari la paa gumu lililojikunja lenyewe, ilikuwa na swichi za ukomo 10. SL ya 1989 niliyoitaja ina 17, pamoja na jeki 15. Shahidi mmoja akinyamaza, kesi nzima imeahirishwa.

Kwa hiyo tazama linasimama wapi hasa, na kama linasimama palepale kila mara. Palepale kila mara ni swichi ya hatua hiyo, au kitu kinachozuia: kamba ya mkoba, kiti kilichorudi nyuma mno, mpira wa paa uliojikunja. Swichi yenye vumbi unaipuliza, unaibonyeza kwa kidole mara kadhaa, unasikiliza kama inatoa kile kimlio chake.

Kama linasimama popote, leo hapa kesho pale, angalia waya kwenye bawaba za buti. Fungu lile la waya linapinda kila buti linapofunguliwa, na baada ya miaka shaba inakatika ndani ya ngozi yake huku kwa nje ikionekana nzima. Dalili ndugu zake: taa ya namba inazimika na kuwaka, au buti linagoma kufunguka kwa swichi. Mwenzako abonyeze, wewe tikisa fungu la waya; paa likishtuka, umemkamata. Usisokote waya na kuzungushia selotepu. Kata, ingiza kipande cha waya laini, lehemu kwa risasi au bana kwa kibanio chake, na maungio yasikae sehemu moja. Hapo hapo ndipo panapopinda.

Sababu ya tatu ni joto. Ukilifungua na kulifunga mara nne mfululizo kuwaonyesha shemeji zako, pampu nyingi hujizima zenyewe zisiungue. Iache nusu saa.

Dalili ya tano: upande mmoja unatangulia

Acha kubonyeza. Sasa hivi. Jeki ya upande mmoja imepoteza msukumo, au kiungo kimechomoka, na kila sekunde unayoongeza inapinda fremu. Pampu ni rahisi kuliko fremu iliyopinda. Hapa sina jaribio la nyumbani la kukupa. Ita fundi anayeyajua mapaa haya.

Dalili ya sita: linakwenda kwa kujivuta

Betri kwanza, kisha kiwango cha mafuta, kisha viungo vikavu. Kwenye bawaba weka grisi nyeupe kidogo, kwenye mipira weka silikoni. Oili ya injini hapana, inakusanya vumbi na kuwa msasa.

Dalili ya saba: limefunga, lakini vioo havipandi au taa ya onyo ya paa inamweka

Kama betri ilitolewa hivi karibuni, vioo vimesahau mwisho wao uko wapi. Katika magari mengi unapandisha kila kioo hadi juu na kuendelea kushikilia swichi sekunde kadhaa. Taa ikiendelea kumweka, kufuli ya mbele haijashika hadi mwisho. Usiende nalo barabara kuu hivyo, upepo unaweza kuliinua.

Mvua imekuja na paa liko wazi

Zima gari, toa ufunguo. Tafuta kwenye mfuko wa spana kile kifaa chenye pembe sita, mara nyingi kipo na hakuna anayejua kazi yake. Fungua vali ya pampu, kisha watu wawili, mmoja kila upande, mnyanyue kwa pamoja na polepole. Paa likikataa, vali bado imefungwa. Kulazimisha kunapasua oili sili. Vidole visiwe kwenye mikono ya fremu, ile ni mikasi. Likishafika mbele, kaza kufuli kwa kile kifaa, na bandika karatasi juu ya swichi mtu asibonyeze hadi vali ifungwe tena.

Pa kuweka spana chini

Paa likikwama hewani, usipitishe kichwa wala mkono chini yake, hata kama limetulia. Linashikiliwa na mafuta tu, na mafuta yanaweza kuachia. Ukinusa waya unaoungua, chomoa hasi ya betri. Ukikutana na plagi za njano chini ya viti au pembeni, hizo ni za mifuko ya hewa, usizichomoe. Na nyuma ya viti vya baadhi ya magari kuna nguzo za usalama zinazochomoka zenyewe kwa kasi inayovunja mkono. Asiyezijua asifungue plastiki za eneo lile.

Ukiita fundi, muulize kama mashine yake ya kupimia inasoma kompyuta ya paa. Vile vidude vidogo vya bei rahisi vinasoma injini tu, kisha unaambiwa gari halina tatizo. Nawe usimwambie "limekufa". Mrekodie video kwa simu, swichi ikiwa imebonyezwa, sauti ikisikika, tangu vioo vinaposhuka hadi pale linaposimama.